Uzi: Katika tamthilia ya uhalifu, nani hulinda ushahidi?

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu. Kwa miaka tisa nimefanya kazi katika vikosi vya kurekodi tamthilia hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeketi kwenye kiti cha kukunja kando ya skrini ya mwelekezi, daftari likiwa mapajani, nikiandika mambo ambayo wengi huyaona madogo: kikombe kilikuwa mkono upi, mlango uliachwa wazi au ulifungwa, mwigizaji alitamka neno gani alipokuwa akivua koti. Kazi hiyo ni usimamizi wa mwendelezo, au kontinyuiti kama tunavyoiita wenyewe. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila tamthilia mpya ya polisi inapoonyeshwa nchini, lawama huwa zile zile: waigizaji wetu hawajui kuigiza, waandishi wetu wanaiga Wamarekani. Naamini mara nyingi lawama hizo hupelekwa kwa watu wasiohusika, na ningependa tulijadili jambo hili kwa makini.

Tuanze na mtazamaji. Katika tamthilia ya mapenzi, mtazamaji hufuata nyuso. Katika tamthilia ya uhalifu huambiwa tangu dakika ya kwanza kwamba atazame vitu: kisu kilichokosekana jikoni, risiti ya matatu, saa iliyosimama. Tunamwalika awe mpelelezi. Kwa hiyo kosa ambalo lingepita bila kuonekana katika hadithi ya ndoa, kwa mfano hereni iliyobadilika kati ya picha moja na nyingine, katika hadithi ya mauaji huwa ni dalili. Mtazamaji huikamata, huijengea nadharia, husubiri ijibiwe, na isipojibiwa huhisi kwamba amedanganywa. Hiyo ndiyo sababu naiona aina hii ya tamthilia kuwa ngumu kuliko zote kuitayarisha, na sababu ya kusema kwamba uzima wake umo mikononi mwa watu ambao majina yao hupita upesi mwishoni, maandishi yakiwa madogo.

Kila desturi ya tamthilia ya uhalifu humtwika mtu fulani mzigo wa kazi. Chukueni Columbo ya Marekani, ambayo ilianza na filamu ya majaribio mwaka 1968 na kuwa mfululizo mwaka 1971. Pale mauaji huonyeshwa mwanzoni kabisa, na muuaji tunamjua. Swali linalobaki ni namna mpelelezi atakavyomnasa. Mpango huo humwondolea mwandishi mzigo wa kumficha mhalifu, lakini humtwika mzigo mwingine, kwa sababu hadithi nzima sasa imetundikwa kwenye kosa moja dogo ambalo muuaji alilifanya mbele ya macho yetu. Kosa hilo lazima lionekane bila kupigiwa kelele. Basi mpiga picha, mtunza vifaa vya igizo na msimamizi wa mwendelezo wanakuwa washirika wa mwandishi katika kutega mtego. Kipindi cha kwanza cha mfululizo ule kiliandikwa na Steven Bochco na kuelekezwa na Steven Spielberg, ambaye wakati huo hata miaka 25 hakuwa ameifikisha. Leo watu humtaja mwelekezi, ilhali miaka kumi baadaye ni yule mwandishi ambaye, pamoja na Michael Kozoll, alianzisha Hill Street Blues na kuionyesha televisheni namna ya kubeba visa vingi vya kituo kimoja cha polisi kwa wakati mmoja, kisa kikiendelea kutoka juma moja hadi jingine.

Law & Order, iliyoanza Septemba 1990, ilifuata njia nyingine: nusu ya kwanza ni ya wapelelezi na nusu ya pili ni ya waendesha mashtaka. Wengi hudhani mpango huo ulitokana na sanaa peke yake, lakini biashara nayo ilikuwemo, kwa kuwa wakati ule vipindi vya nusu saa viliuzika kwa urahisi zaidi katika marudio, na mtayarishaji Dick Wolf alitaka kipindi cha saa moja kinachoweza kukatwa mara mbili. Mtayarishaji anapoamua hivyo, mteuzi wa waigizaji hutafuta vikosi viwili vya waigizaji wakuu, msanifu wa mandhari hujenga kituo na pia mahakama, na mhariri hupewa mahali maalumu ambapo hadithi lazima igeuke. Crime and Justice, ambayo Showmax na Canal+ waliitoa mwaka 2021 ikiwa na Sarah Hassan na Alfred Munyua kama wapelelezi wawili wa Nairobi, ilichukua njia ya namna hiyo hiyo, kutoka upelelezi hadi kesi. Nilifurahi kuona jiji letu likipewa nafasi hiyo.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya niandike. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika tamthilia moja ambayo sitaitaja. Ili kupunguza gharama, watayarishaji waliamua kwamba mavazi na mwendelezo vishughulikiwe na mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Ufumbuzi wa hadithi ulikuwa kwamba muuaji hutumia mkono wa kushoto, kwa kuwa jeraha la marehemu halikuweza kufanywa na mtu wa mkono wa kulia. Lakini tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Maonyesho yote ya mahali pamoja hurekodiwa pamoja, ili nyumba iliyokodiwa isilipiwe mara mbili. Onyesho la muuaji kutia sahihi taarifa yake kituoni tulilirekodi siku ya pili, na lile la kisu siku ya kumi na moja. Siku ya pili nilikuwa nyuma ya pazia nikimfunga mwigizaji mwingine tai, na muuaji wetu alitia sahihi kwa mkono wa kulia, waziwazi, karibu na kamera, tena kwa mwandiko mzuri.

Tuligundua kwenye chumba cha uhariri. Mhariri alijaribu kuikuza picha ili mkono utoke nje ya fremu, lakini picha ilipoteza ukali, na katika tamthilia ya namna hii mtazamaji akiona picha imekuzwa ghafla huanza kujiuliza anafichwa nini. Chumba tulichotumia kama kituo kilikuwa kimekwisha kukodishwa kwa watu wengine. Mwishowe mwandishi aliitwa afute suala la mkono wa kushoto katika hadithi nzima, na muuaji akakamatwa kwa sababu jirani alimwona akitoka. Miezi minne ya kuandika ilibadilishwa na jirani dirishani. Kipindi kilipotoka, watu waliandika kwamba mwandishi hana ubunifu.

Hilo ndilo ninalolizungumzia.

Mchangiaji wa kwanza

Dada mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo haya. Mimi ni wakili, na kesi zangu nyingi ziko katika mahakama za Milimani na Makadara. Nakubaliana nawe kuhusu vitu vidogo, lakini naomba kuongeza kwamba makosa makubwa yanayoniudhi si ya vikombe na hereni, ni ya sheria. Katika tamthilia zetu mshukiwa huketishwa katika chumba chenye taa moja, mpelelezi hupiga meza, mshukiwa hulia na kukiri, kisha muziki hupanda na hadithi huisha. Kwa sheria ya Kenya, hapo ndipo matatizo ya upande wa mashtaka yangeanza. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hakikubali ukiri uliotolewa kwa mpelelezi wa kesi hiyo. Ni lazima utolewe mbele ya jaji au hakimu, ama mbele ya afisa mwingine wa polisi mwenye cheo cha kutosha ambaye hahusiki na upelelezi, akiwepo pia mtu wa tatu ambaye mshukiwa mwenyewe amemchagua.

Nyundo nayo ni ya mahakama za Marekani. Vivyo hivyo baraza la raia kumi na wawili wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kwa sababu hatuna baraza la namna hiyo. Jaji ndiye anayeamua. Na maneno ambayo mpelelezi huyakariri anapofunga pingu yanatokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1966 katika kesi ya Miranda. Sisi tuna Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010, kinachotaka aliyekamatwa aelezwe mara moja, katika lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza. Je, mwendelezo unahusika na hayo, au ni kazi ya mtu mwingine?

Mwanzisha uzi

Wakili, umeuliza swali la maana. Hiyo ni kazi ya mshauri wa kitaalamu, na hapa kwetu mara nyingi mshauri huyo huitwa mara moja tu, skripti ikiwa imekwisha kupitishwa na ratiba imekwisha kupangwa, wakati ambapo mabadiliko yoyote ni hasara. Anayefaa kumwita mapema ni mwandishi mkuu. Katika tamthilia za Marekani mwandishi mkuu ndiye pia mtayarishaji mwenye kauli ya mwisho, anayeongoza chumba cha waandishi na kulinda hadithi hadi uhariri. Wajerumani walikuwa na njia tofauti kabisa: vipindi vyote 281 vya Derrick, kuanzia mwaka 1974 hadi 1998, viliandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker. Sisemi kwamba tuige njia yoyote kati ya hizo. Kinachonishughulisha ni kwamba katika njia zote mbili kuna mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye hadithi. Kwetu, mwandishi hukabidhi skripti, hulipwa kama ana bahati, na siku ya kurekodi hayupo.

Kuhusu kuiga, nitasema jambo ambalo nalihisi sana. Sheria yetu ina drama yake, na tunaiacha. Mkuu wa kituo katika tamthilia za kigeni huwaambia wapelelezi wake kwamba wana saa 48, na waandishi wetu hulirudia neno hilo bila kujiuliza limetoka wapi. Ilhali Kifungu hicho hicho cha 49 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au mwisho wa siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi. Mshukiwa aliyekamatwa Ijumaa jioni na aliyekamatwa Jumatatu asubuhi ni hadithi mbili tofauti. Kuna pia ombi la mpelelezi kwa hakimu la kumzuilia kwa siku zaidi, ambapo analazimika kueleza hadharani anachokijua na kuficha asichotaka wakili kama wewe akijue. Kuna dhamana, ambayo hata mshukiwa wa mauaji anaweza kuipata pasipo sababu nzito za kumnyima. Fikiria familia ya marehemu ikikutana naye dukani juma linalofuata. Na kuna safari ya kupelekwa hospitali ya Mathari kupimwa akili kabla ya kujibu shtaka la mauaji. Ningekuwa mwandishi, ningeandika kipindi kizima ndani ya gari hilo.

Mchangiaji wa pili

Binti yangu, nimestaafu baada ya miaka mingi katika idara ya upelelezi. Nimesoma kisa cha mkono wa kushoto mara mbili. Nikuambie kwa nini kimenigusa. Ripoti yoyote kituoni huanzia kwenye OB, kitabu cha matukio, na hupewa namba inayobeba nambari ya tukio la siku hiyo pamoja na tarehe. Kielelezo kikichukuliwa eneo la tukio, huandikwa kimechukuliwa na nani, saa ngapi, kimewekwa wapi, na kikipelekwa kwa Mkemia wa Serikali hufuatana na fomu inayosema nini kinatakiwa kichunguzwe. Nilipoteza kesi moja kwa sababu ya sahihi moja iliyokosekana kati ya mkono uliotoa na mkono uliopokea. Kisu kilikuwa kile kile, damu ilikuwa ile ile, lakini sikuweza kumwonyesha jaji kisu kililala wapi usiku mmoja. Katika tamthilia sijaona hata siku moja afisa akiandika OB. Huwa wanakimbia tu.

Tena wanavaa vibaya. Sare mpya ya buluu ilizinduliwa Septemba 2018. Mimi nimetazama hadithi inayosema ni mwaka 2013 na maafisa wote wamevaa buluu hiyo.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, heshima kwako. Ulichokieleza kuhusu kielelezo ndiyo kazi yangu neno kwa neno, isipokuwa jaji wangu ni mtazamaji. Mimi nami huandika kitu kimetoka mikononi mwa nani, kimewekwa wapi, na kilikuwa katika hali gani kilipoonekana mara ya mwisho. Hupiga picha kila baada ya teki, yaani kila mara onyesho linaporekodiwa, na huandika pembeni mwa skripti ni teki ipi mwelekezi ameikubali na kwa nini zile nyingine zimekataliwa. Mhariri, ambaye huenda hajakanyaga mahali pa kurekodia hata mara moja, husoma karatasi zangu kama wewe ulivyosoma OB ya mwenzako wa zamu ya usiku.

Suala la sare ni la mbunifu wa mavazi, na linaonyesha jinsi kazi zinavyoingiliana. Polisi ni suala la usalama, na mtu hawezi kuvaa sare ya polisi na kutembea Tom Mboya Street bila idhini. Kwa hiyo msimamizi wa maeneo hutafuta leseni ya kurekodi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, hukiarifu kituo cha polisi kilicho karibu, na mbunifu wa mavazi hulazimika kutafuta nguo zinazokubalika. Zile za zamani zimekuwa adimu. Mtu hukodi zilizopo, na mwaka wa hadithi husahauliwa. Naelewa namna kosa linavyotokea, lakini silikubali, kwa sababu kubadilisha 2013 kuwa 2019 katika skripti kungechukua dakika chache iwapo mbunifu wa mavazi na mwandishi wangekuwa wamezungumza.

Silaha ndizo zinazonitia hofu zaidi. Oktoba 2021, huko New Mexico, mpiga picha mkuu Halyna Hutchins aliuawa wakati wa matayarisho ya filamu kwa bastola iliyodhaniwa kuwa salama. Tangu siku hiyo, kama hakuna msimamizi wa silaha ambaye kazi yake ni hiyo peke yake, mimi hukataa kukaa karibu na onyesho lenye bunduki, na nawaomba wenzangu wote wakatae.

Mchangiaji wa tatu

Dada, mimi ninasomea utayarishaji wa filamu na televisheni hapa Nairobi, mwaka wa pili. Darasani karibu sote tunataka kuwa waelekezi. Nimesoma uzi huu na sasa najiuliza kama nimewahi kufikiria kazi nyingine yoyote. Ni ipi kati ya kazi hizi ambayo kijana anaweza kuingia bila kujuana na watu? Na naomba kuuliza: je, desturi hizi zote si zimekwisha kuchosha? Mtazamaji anajua kwamba mshukiwa wa kwanza si yeye, na kwamba mwigizaji maarufu aliyealikwa kwa kipindi kimoja ndiye muuaji.

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, nianze na swali la mwisho. Mwigizaji maarufu hutambulika kuwa muuaji kwa sababu ya uamuzi wa mteuzi wa waigizaji na bajeti, wala si kwa sababu ya desturi yenyewe. Ukimlipa mtu mashuhuri, unataka onyesho kubwa la mwisho liwe lake. Dawa yake ni kuwapa watu wawili au watatu wa uzito sawa nafasi ndogo katika kipindi kimoja, jambo ambalo kwetu linawezekana, kwa sababu tuna waigizaji wa jukwaani wengi walio hodari na wasiojulikana sana kwenye skrini. Desturi ni kama vina katika shairi. Msikilizaji anajua kina kinakuja, na bado hufurahi neno zuri likifika mahali pake.

Kuhusu kuingia kazini, fikiria sauti. Nairobi ni jiji gumu kulirekodi. Ukiwa Lang'ata, ndege ndogo za uwanja wa Wilson hupita juu yako katikati ya kila ukiri. Ukiwa katikati ya mji ni honi za matatu, na ukienda mtaani jenereta ya kinyozi huwaka umeme ukipotea. Mtu anayeshika maikrofoni ya fimbo kwa saa kumi bila kivuli chake kuingia kwenye picha, na anayekumbuka kurekodi ukimya wa kila chumba kwa nusu dakika kabla ya kikosi kuondoka, hakosi kuitwa tena. Katika hadithi ya uhalifu ukimya huo ni muhimu mno. Mpelelezi anapoingia katika nyumba ya marehemu, tunachokisikia kabla ya yeye kusema lolote ndicho kinachotuambia kama tuogope.

Kazi ya mwelekezi msaidizi wa kwanza nayo inastahili kufikiriwa, ijapokuwa jina lake hudanganya, kwa kuwa haelekezi waigizaji. Yeye ndiye mwenye saa. Huvunja skripti kuwa siku, huamua nini kirekodiwe kabla ya mvua, hutangaza ukimya, na husimamisha kazi kama kuna hatari. Kama angekuwepo wa kweli katika kisa changu cha mkono wa kushoto, asingeruhusu kamera iwake wakati msimamizi wa mwendelezo yuko nyuma ya pazia akifunga tai.

Mchangiaji wa kwanza

Narudi kidogo. Je, mkono ule haukuweza kuokolewa kwa njia yoyote? Kwangu mimi, mtu anayetia sahihi kwa mkono wa kulia na kuchoma kisu kwa wa kushoto si jambo lisilowezekana. Nimewahi kumhoji shahidi wa namna hiyo.

Mwanzisha uzi

Wakili, umenifanya nikae kimya kwa muda. Ungeweza kuokolewa. Wazee wengi hapa nchini waliozaliwa wakitumia mkono wa kushoto walichapwa shuleni hadi wakaandika kwa wa kulia, na muuaji wetu alikuwa mtu wa makamo. Mwandishi angehitaji onyesho moja dogo: mpelelezi amtembelee mwalimu wa zamani, au amwone mshukiwa akimrushia mtoto mpira. Sahihi ile ya kulia ingegeuka kuwa kinga ambayo mshukiwa anaitegemea, na ushahidi bora kuliko ule tuliouandika. Lakini siku ile chumbani tulikuwa mimi, mhariri na mtayarishaji aliyekuwa akiangalia saa. Mwandishi alipigiwa simu na kuelezwa kilichoamuliwa.

Mdogo wangu uliyeuliza kuhusu kuingia kazini, kuanzia Jumatatu ijayo tunarekodi kwa siku sita maeneo ya Ngara, na ninahitaji mtu wa kunisaidia kupiga picha za mwendelezo. Nitumie ujumbe wa faragha. Njoo na daftari lenye mistari, kalamu mbili na viatu visivyotoa sauti.